Kata Yako Ina Viwanja Vingapi?

Mwaka 2021 shughuli za sanaa na burudani zilikua kwa asilimia 19.4, kasi kubwa kuliko sekta nyingine yoyote ya uchumi wa Tanzania. Mwaka mmoja kabla, korona iliposimamisha ligi na matamasha, sekta hiyohiyo ilikuwa imeporomoka kwa asilimia 4.4. Tangu hapo takwimu hiyo ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) imekuwa ikitajwa na wengi wanaotaka kuonyesha kwamba sanaa inalipa. Nami naamini inalipa. Ila takwimu hiyo haithibitishi jambo hilo, na tukiiegemea tunaziacha hoja zenye nguvu zaidi, zile zinazotokana na kuhesabu viwanja, wachezaji na vikundi vya kila kata.

Sekta yenyewe ni takriban asilimia 0.3 ya pato la taifa, na kitu kidogo kikiongezeka kidogo tu, asilimia yake huonekana kubwa. Kisha kuna suala la nani amewekwa humo. Mpangilio wa kimataifa wa shughuli za kiuchumi unaotumika katika hesabu za namna hii unaweka katika fungu moja sanaa za ubunifu, maktaba na makumbusho, michezo, na pia kamari na kubeti. Kikundi cha ngoma cha Newala na kibanda cha kubeti cha Manzese vinasimama kwenye mstari mmoja wa jedwali. Mstari huo ukipanda, hauonyeshi ni kipi kati ya hivyo kilichopanda.

Kuna takwimu nyingine inayopendwa. Utafiti uliofanywa chini ya Shirika la Miliki Ubunifu Duniani, WIPO, na kutolewa mwaka 2012, ulikadiria mchango wa shughuli zinazotegemea hakimiliki Tanzania kuwa karibu asilimia 4.6 ya pato la taifa. Hiyo ni mara 15 ya ile ya NBS, na hakuna aliyekosea hesabu, kwa kuwa WIPO huhesabu pia magazeti, uchapaji, redio, televisheni, matangazo na programu za kompyuta. Sasa mweke afisa utamaduni wa wilaya mbele ya mkurugenzi wake, anaomba fedha za kukarabati jengo ambalo vikundi vitatu vya maigizo hufanyia mazoezi. Atumie 0.3 au 4.6? Zote mbili hazimsaidii. Mkurugenzi haamui mambo ya taifa. Anaamua kama fedha ziende kwenye jengo hilo au kwenye kalvati la kata ya jirani, na mwenye kalvati amekuja na idadi ya kaya zinazokatwa na maji kila masika.

Hapo ndipo utamaduni na michezo hushindwa kwenye halmashauri zetu. Wanaosimamia sekta nyingine huingia kikaoni na upungufu unaohesabika, sisi tunaingia na umuhimu. Mwalimu mkuu anajua kwamba tundu moja la choo linapaswa kuhudumia wasichana 20 au wavulana 25, hivyo anaweza kusema shule yake imepungukiwa matundu mangapi, na diwani atalirudia hilo neno kwa neno kwenye Baraza. Mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ina fungu lake la asilimia 10 ya mapato ya ndani, nne kwa nne kwa mbili, na kwa sababu fungu hilo linajulikana, hata mama lishe wa stendi anaweza kuuliza limekwenda wapi. Kiwanja cha mpira hakina uwiano kama huo unaojulikana kikaoni. Hakuna anayeweza kusema kata imepungukiwa viwanja viwili, kwa hiyo hakuna anayewajibika kwa viwili hivyo.

Taarifa za robo mwaka za michezo na utamaduni zipo, tena nyingi. Utakuta humo mabonanza yaliyofanyika, timu zilizokwenda kwenye mashindano ya shule za msingi na sekondari, UMITASHUMTA na UMISSETA, vikundi vilivyotumbuiza mbio za mwenge na sherehe za kitaifa, na jina la mgeni rasmi. Kazi hiyo ni halali na inachosha, siibezi. Lakini taarifa hizo zinahesabu matendo ya ofisi. Mtoto ambaye hakucheza hayumo. Kata ambayo haikuleta timu haionekani, wala kikundi kilichokufa kwa sababu manju wake, kiongozi wa ngoma, alihamia mjini. Sera inayotungwa kwa kuangalia waliofika itazidi kuwatumikia walewale waliofika.

Ndiyo maana naanza na viwanja. Kila kata inaweza kujua, kwa wiki mbili za kazi, ina maeneo mangapi ambayo watu huchezea: ya shule, ya kijiji, ya taasisi za dini, ya watu binafsi, na yale ambayo hayana mwenyewe anayejulikana. Kwa kila eneo yaandikwe mambo machache tu: ukubwa wake, nani mmiliki kwa karatasi, lina hati au halina, linachezewa nini, linajaa maji miezi gani, na kutoka hapo hadi shule ya jirani ni umbali gani. Kisha mtu aende akahesabu watu kwa saa zilezile kila mara, tuseme Jumanne saa kumi na moja jioni, Jumamosi asubuhi na Jumapili alasiri, akitenganisha wavulana, wasichana na watu wazima, na akiandika kama kuna mwenye ulemavu anayecheza. Arudie msimu wa mvua na msimu wa kiangazi.

Kuna watakaosema hili ni jambo la nchi tajiri. Mradi wa Ramani Huria ulianza Dar es Salaam mwaka 2015, wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa mitaa wakapita kwenye kata zinazokumbwa na mafuriko wakiweka mifereji, nyumba na njia kwenye ramani ya wazi ya OpenStreetMap. Waliofanya kazi hiyo walikuwa vijana wenye simu na fulana za mradi. Tandale ilikuwa imeshachorwa kwa namna hiyo tangu 2011. Mwaka 2022 operesheni ya anwani za makazi ikapita nchi nzima, na sensa ya mwaka huohuo ikahesabu watu 61,741,120 kwa vishikwambi, pamoja na majengo yao. Sera ya michezo ya 1995 na sera ya utamaduni ya 1997 ziliandikwa wakati mtendaji wa kata hakuwa na hata simu ya mkononi. Leo anaweza kujaza dodoso la Kobo, programu ya kukusanyia takwimu kwa simu, akiwa amesimama golini.

Suala la hati nalitilia mkazo kwa makusudi. Viwanja vya wazi vya miji yetu haviuzwi mchana kweupe. Huondoka kipande kwa kipande, kwanza fremu za biashara pembeni, halafu ukuta, halafu kesi. Kiwanja kilichopimwa na kuandikwa kwamba watoto 140 hukitumia kila wiki ni kigumu zaidi kumega kuliko uwanja ambao wazee wa mtaa wanakumbuka tu kwamba "hapa palikuwa pa mpira." Hata kama hesabu hizi hazitaleta shilingi mpya, zikilinda ardhi iliyopo zitakuwa zimeshalipa gharama yake.

Kuhesabu wasichana nako kutaleta mjadala, na ninautamani. Uingereza walifika huko kabla yetu. Takwimu zao za ushiriki zilionyesha kwamba kati ya watu wa miaka 14 hadi 40, wanawake wanaofanya michezo mara kwa mara walikuwa pungufu ya wanaume kwa milioni mbili, ilhali asilimia 75 ya wanawake walisema wangependa kufanya zaidi. Shirika la Sport England lingeweza kuamua kujenga kumbi zaidi. Badala yake liliuliza kwa nini, likaambiwa jambo ambalo halikuwa la majengo hata kidogo: wanawake waliogopa kuangaliwa na kuhukumiwa, kwa sura, kwa uwezo, kwa kuonekana wameacha familia. Kampeni ya This Girl Can iliyozinduliwa Januari 2015 ilijengwa juu ya jibu hilo. Leo shirika hilohilo huhoji watu wapatao 500 katika eneo la kila halmashauri, kila mwaka.

Majibu yao hatuwezi kuyaazima, wala gharama zao hatuziwezi. Njia ya kuuliza tunaiweza. Binti wa Magu au wa Masasi ana sababu zake, na baadhi tunazifahamu kwa sababu NBS imekwisha kuuliza. Tafiti za nguvukazi zenye sehemu ya matumizi ya muda zinaonyesha bayana kwamba wanawake hubeba saa nyingi zaidi za kazi za nyumbani zisizolipwa kuliko wanaume. Saa kumi na moja jioni, wakati ligi za mchangani zinapoanza, ndiyo saa ya maji, kuni na kupika. Mashindano ya netiboli yakipangwa saa hiyo halafu timu zisitokee, afisa ataandika kwamba mwamko wa wanawake ni mdogo. Hesabu ya kiwanja ikifanywa kwa saa tofauti itamwonyesha kama tatizo ni mwamko au ni ratiba, na ratiba hubadilishwa bila kuomba fedha kwa mtu yeyote.

Tafiti hizo za taifa zina mpaka wake ambao viongozi husahau. Sampuli yake haishuki hadi ngazi ya halmashauri. Utafiti wa magonjwa yasiyoambukiza wa 2012, ule unaofuata mfumo wa STEPS wa Shirika la Afya Duniani, uliwauliza watu wa miaka 25 hadi 64 kuhusu mazoezi ya mwili pia, lakini afisa michezo wa Mbozi hawezi kuchomoa humo jibu la Mbozi. Zaidi ya hayo, kulima siku nzima kunahesabiwa humo kuwa mazoezi, na ni sawa kwa daktari wa moyo. Kwa mpangaji wa michezo, mkulima aliyechoka si mtu aliyecheza. Tuzitumie tafiti za taifa kujua swali la kuuliza, kisha tuulize wenyewe huku chini.

Kwenye utamaduni kazi ni ngumu zaidi, na lazima niwe mwangalifu. Sensa ya Tanzania haijauliza kabila tangu 1967. Uamuzi huo ulikuwa na sababu nzito na naukubali; nchi hii imefaidika kwa kutojihesabu kwa makabila. Lakini tokeo lake ni kwamba afisa utamaduni hana namba rasmi ya wazungumzaji wa lugha yoyote wilayani kwake, katika nchi ambayo Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulikuta lugha zipatazo 150. Njia iliyobaki ni kuhesabu utendaji bila kuhesabu ukoo: vikundi vinavyofanya mazoezi, mafundi wanaowamba ngoma na kuchonga marimba, umri wa fundi mdogo kuliko wote, vijana wanaojifunza kwake, na siku za mwaka ambazo ngoma fulani ilichezwa kwa ajili ya wenyewe na si kwa ajili ya mgeni. Umri wa fundi unatoa onyo mapema kuliko kitu kingine chochote. Wilaya yenye wapigaji wanane wa zeze ambao mdogo wao ana miaka 61 imebakiwa na muda mfupi, hata kama bado inang'ara kwenye maonyesho ya Nanenane.

Wapo wanaodhani kuhesabu ngoma ni jambo la kigeni linaloudhalilisha utamaduni. Usukumani hawatakubaliana nao. Vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vimeshindana tangu karne ya 19. Pande mbili hucheza kwa wakati mmoja kwenye uwanja mmoja, na kinachoamua mshindi ni umati: upande uliovuta watu wengi ndio ulioshinda. Huonekana hata leo kwenye Bulabo, sikukuu ya Juni pale Bujora, Kisesa. Kila manju alijua umati hauji bure, ndiyo maana wakatafuta nyimbo mpya, vituko vipya, chatu shingoni, na dawa za mvuto pia. Wasukuma walikuwa na kipimo, na walijua kwamba kipimo hubadilisha tabia ya anayepimwa.

Ndiyo hatari ya pili, na inanitia wasiwasi kuliko ukosefu wa takwimu. Tukipima kwa umati peke yake, kila shilingi itakwenda kwa soka ya wanaume. Simba na Yanga hazihitaji msaada wa halmashauri kujaza uwanja. Bao, mieleka, rede ya wasichana wa darasa la tano, utenzi unaosomwa na bibi mmoja msibani, vyote vitaonekana havina maana kwa sababu havina watazamaji. Kwa hiyo hesabu ya umati ikae pamoja na maswali mawili mengine: nani hana mahali pengine pa kwenda kama hiki kikiondoka, na ni nini hakitarudi kikipotea? Uzito wa majibu hayo uamuliwe na watu, kwenye mkutano, kwa mjadala wa wazi. Jedwali haliwezi kuamua hilo.

Ramani ya wanariadha wetu inafundisha vizuri jinsi ushahidi unavyoweza kutuongoza na pia kutupotosha. John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Mexico 1968 akiwa amejeruhiwa, ni wa Mbulu. Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch 1974, alizaliwa Karatu. Gidamis Shahanga, bingwa wa marathoni wa Jumuiya ya Madola 1978, ni wa Hanang. Alphonce Simbu, aliyeshinda marathoni ya dunia Tokyo mwezi Septemba 2025 kwa tofauti ya sekunde 0.03, alizaliwa Singida. Chora mstari kuunganisha sehemu hizo utapata ukanda mmoja wa nyanda, kutoka Karatu hadi Singida, na mtu yeyote atasema: pelekeni fedha za riadha huko. Nami ningeanza huko. Lakini Suleiman Nyambui, aliyeleta medali ya fedha ya mita 5000 kutoka Moscow 1980, alizaliwa Majita, kandokando ya Ziwa Viktoria, na Juma Ikangaa, bingwa wa New York 1989 na mshindi wa pili wa Boston mara tatu mfululizo, ni wa Dodoma. Ikangaa na Simbu wanakutana mahali pengine: wote ni wanajeshi. Kwa hiyo ramani ya mwinuko wa ardhi haitoshi. Inatakiwa ramani ya kambi za jeshi, ya shule zilizokuwa na mwalimu wa riadha, na ya mashindano ya wilaya yaliyokuwa hai. Orodha ya washindi hutuambia kipaji kilionekana wapi. Kipaji ambacho hakikuwahi kupata mbio za kukimbia hakiwezi kuingia kwenye orodha yoyote, na sera ya haki inapaswa kukitafuta.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano ya shule yalisimamishwa kwa miaka kadhaa kabla ya kurudishwa. Wapenzi wa michezo bado wanaitaja miaka ile kwa uchungu, wakiamini ilitupotezea kizazi. Huenda wako sahihi. Kama kila mkoa ungekuwa umetunza rekodi za muda na umbali za wanafunzi wake kabla na baada, leo tungekuwa na ushahidi wa kumzuia yeyote atakayetaka kurudia uamuzi ule. Madaftari ya matokeo ya UMITASHUMTA yasitupwe mashindano yakiisha. Yapigwe picha, yaingizwe kwenye kompyuta, yahifadhiwe mkoani.

Suala la uongo lazima lisemwe. Takwimu zikianza kugawa fedha, zitavimba. Kikundi cha watu 9 kitakuwa cha 25, kiwanja cha mpira kitapimwa hadi kwenye mihogo ya jirani. Dawa ninayoiamini ni ubao wa matangazo. Tayari kijiji kinatakiwa kuweka mapato na matumizi mbele ya wanakijiji, na mkutano mkuu wa kijiji huitishwa kila miezi mitatu. Orodha ya viwanja, vikundi na hesabu za watumiaji ibandikwe papo hapo, kwa Kiswahili cha kawaida, pamoja na jina na cheo cha aliyehesabu na tarehe. Wanaocheza hapo kila siku watajua mara moja kama namba imetiwa chumvi. Wakaguzi wa ndani waje baadaye.

Fedha nazo zifuatwe kwa jicho hilohilo. Katika bajeti ya 2021/22 Serikali iliamua asilimia 5 ya kodi ya michezo ya kubahatisha inayohusu matokeo ya michezo iende kwenye Mfuko wa Maendeleo ya Michezo. Uamuzi ule niliupokea kwa furaha. Fedha hiyo hutoka mifukoni mwa vijana wa kila kata, na wengi wao hawana tena kiwanja cha kuchezea ule mchezo wanaoubetia. Mwaka huohuo VAT ilisamehewa kwa nyasi bandia za viwanja vya mpira, lakini kwa kuanzia na vilivyomo kwenye majiji. Diwani wa halmashauri ya vijijini mwenye jedwali la viwanja vyake anaweza kusimama na kuuliza, kwa heshima na kwa namba, sehemu gani ya misaada hiyo imefika kwao. Asiye na jedwali ataambiwa asubiri awamu ijayo.

Kalenda ya bajeti haisubiri. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini vipaumbele vya mtaa na kijiji hukusanywa miezi mingi kabla, kupitia utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, vikapanda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha Baraza la Madiwani. Hesabu inayokamilika Machi imechelewa. Kama afisa utamaduni na afisa michezo wakiomba sasa siku kumi za watendaji wa kata tano tu, wakachagua mbili za mjini, mbili za vijijini na moja yenye shule nyingi, watakuwa na jedwali kabla ya vikao vya Novemba. Kata tano zitaonyesha dosari za dodoso, maswali yasiyoeleweka, saa zilizokosewa, na ni mtendaji yupi aliyejaza fomu akiwa ofisini. Kata zilizobaki zifuate mwaka unaokuja, zikiwa na dodoso lililorekebishwa.